Mpera Nilioukata Dirishani Kwako

Mwadi wangu,

Mambo ya sabuni, ya kuchana nywele, ya kupiga magoti unapomwamkia bibi asubuhi, hayo nimekwisha kukuambia mpaka ukaziba masikio. Siyarudii. Kapolowe si mwisho wa dunia, gari la moshi litakufikisha salama, na bibi yako, ndoyi wako mnayeitana jina moja, anajua kulea kuliko mimi. Barua hii nimeiweka chini ya vitenge vyako uikute njiani. Inajibu neno ulilonitupia juzi pale mlangoni.

"Mama, unanikata sawa na ule mupera."

Ulilisema bila kulia. Tangu hapo ni "ndiyo, Mama", "hapana, Mama", kama mtu anayejibu polisi. Baba yako ameniuliza, "Munagombana juu ya nini, weye na mutoto?" Nikamwambia hatugombani. Na kweli hatugombani. Mtu atagombana vipi na aliyemwambia ukweli?

Kwa kinywa nisingeweza. Ningekukatiza, ningesema nyamaza, mtoto hajui kitu. Kwa kalamu ninakwenda polepole, na hakuna wa kunikimbiza. Masista walinifundisha kuandika kidogo kabla sijaolewa, na tangu siku zile mkono wangu umezoea zaidi mwiko. Ukikuta herufi zimelala chini, ziamshe wewe.

Nianze na ule mpera.

Ulipozaliwa nilikuwa msichana tu. Wanawake wa avenyu yetu walikuja kutupongeza, wakanipita mlangoni wakimtafuta mama wa mtoto ndani. Nyumba ilikuwa hii hii ya kampuni, na dirisha la chumba lilikuwa hili hili, linalotazama upande wa Shituru, kule kiwandani anakofanya kazi baba yako. Bibi yako alishuka kutoka Kapolowe na mche wa mpera mkononi, mizizi yake imefungwa katika kitambaa kilicholowa, na majani yake yote yamekatwa nusu nusu. Nilimnong'oneza baba yako, "Muti gani ule wa kunyolewa kichwa?" Bibi akasikia. Yule hakosi kusikia.

"Ni mutoto wa safari," akasema. "Ukimuachia majani yote, atamwaga maji yake yote mu njia. Atafika amekauka."

Kitovu chako kilipoanguka, alichimba chini ya dirisha, akakifukia pale, akaupanda mpera juu yake. Akaniambia jambo moja tu: "Maji ya kumuogesha mutoto, mwaga hapa. Usimwage pengine."

Nikamwaga. Kila siku, ukitoka kwenye beseni unang'aa kama samaki, mimi nageuka na kulimimina pale chini. Mpera ukakua mbio. Ulipoanza kutambaa ulikuwa umefika kwenye kizingiti cha dirisha. Ulipoanza masomo ulikuwa unaingiza tawi chumbani kama jirani anayetaka kujua mmepika nini.

Sasa niandike habari ya gazi, ule moshi mkali wa kiwanda. Wewe umezaliwa nayo, unadhani kila mji una ya kwake. Kapolowe hutaikuta, na utasahau upesi, kisha siku moja utadhani mama yako alikuwa kichaa. Kwa hiyo kumbuka ilivyokuwa. Upepo unageuka. Kwanza unasikia harufu ya kiberiti kilichowashwa puani, halafu ladha ya chuma kwenye ulimi. Halafu sauti za wanawake kutoka nyumba hadi nyumba, "Gazi! Gazi!" na kila mmoja anakimbilia kamba ya nguo, mwingine anafunga madirisha, mwingine anamfunika mtoto kwa kitenge cha maji. Ikipita, tunafungua, tunaendelea kutwanga. Hakuna aliyelisema vibaya bomba la moshi. Unga wa bukari tunayosonga ulitoka kule, na nyumba, na vitabu vyako. Na siku hizi mtu anapima maneno yake mbele ya wengine kwa kuogopa, si kwa adabu tu.

Kesho yake mboga zilionyesha gazi ilipopita. Majani yalikuwa na mabaka meupe na ya kahawia, kama karatasi iliyosogezwa karibu na moto.

Ndipo nilipofanya kosa langu la kwanza. Ni dogo, na linachekesha, lakini lilikuwa ndugu wa lile kubwa, kwa hiyo nalo uliweke akilini.

Unajua nilivyokuwa na bustani ya lengalenga nyuma ya nyumba. Niliinywesha alfajiri, kabla baba yako hajaenda zamu, nikajisifu moyoni kwamba hakuna mwanamke wa avenyu anayenishinda. Jirani yetu Mama Kabange alilala mpaka jua linamchoma. Lengalenga yake ilikuwa inaning'inia mchana kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Lakini gazi ya asubuhi ikipita, ni yangu iliyoungua. Ya kwake ilibaki na uvivu wake, lakini nzima.

Akanitania pale kwenye bomba la maji, mbele ya wote.

"Mama Mwadi, weye unaamusha mboga mapema sana. Inafungua kinywa kusema jambo, na gazi inaingia. Yangu ingali inalala!"

"Mboga inalala namna gani?"

"Sawa na mwenyewe wake!"

Walicheka mpaka ndoo zikamwagika. Mimi sikucheka. Nilikwenda nyumbani nikiamini ana dawa. Nilisema moyoni, mwanamke mvivu vile hawezi kuwa na mboga nzima bila dawa, na dawa yake ndiyo inayogeuza moshi uje kwangu. Nikamnyima salamu msimu mzima wa mvua. Ulikuwa ukiniuliza kwa nini hatupiti tena mlangoni kwa Mama Kabange, nami nikakwambia kuna matope.

Halafu kifua chako kikaanza.

Ulipumua usiku kwa filimbi. Ulikaa kitandani na mikono juu ya magoti, mabega yanapanda na kushuka, na ulikuwa unanitazama kana kwamba mimi ndiye mwenye ufunguo. Mwadi, hakuna kitu kinachomfanya mama kuwa mjinga upesi kama macho yale. Nilikupaka mafuta, nikakupa maji ya tangawizi, nikakuombea. Asubuhi ukaamka ukaenda masomo na kamba yako ya kuruka, kama si wewe.

Siku moja kule fwaye, pale tunapofundishwa kushona na kuogesha watoto, mwalimu wetu alitueleza habari za chumba cha kulala. Alisema tufungue madirisha hewa ikiwa safi. Alisema tusirundike watu wengi chumba kimoja. Akaongeza kwamba mikebe ya maua ni afadhali ikae nje usiku, maana gizani mimea nayo inatumia hewa ile tunayoitumia sisi. Basi. Hakusema habari ya miti ya nje. Naliandika wazi, kwa kuwa kwa muda mrefu nilimtwika yeye mzigo wangu.

Nilitoa mkebe wangu wa maua. Filimbi haikuacha. Ndipo nikalitazama dirisha.

Lile tawi lilikuwa limeingia ndani, majani yake yapo juu ya mto wako. Nikakutazama wewe, umekonda, mifupa ya shingo inaonekana. Nikautazama mpera, umenona. Akili yangu ikafunga fundo moja: mti huu unatumia hewa ya mtoto, na kitovu chake kiko chini ya mizizi. Una njia mbili za kumnywa, juu na chini. Nusu ya wazo nilitoa fwaye, nusu niliitoa nyumbani kwetu nilikokulia, na nilipoziunganisha nikajiona mwenye akili sana. Sikumuuliza mtu. Bibi yako angeniambia, barua moja tu. Lakini niliona aibu kumwandikia kwamba mti wake unakula mjukuu wake.

Nilingoja siku ya salongo, wakati kila nyumba imetoa panga kukata majani barabarani kama tulivyoamriwa, ili mtu asiulize. Baba yako yuko zamu. Wewe uko masomo, mnafundishwa nyimbo za kumpokea mkubwa fulani. Mama Kabange akaja kwenye ua.

"Mama Mwadi, huu muti iko na kosa gani?"

Sikumjibu. Nilikuwa nimemnyima salamu, sasa ningemjibuje? Nimelifikiria hilo mara nyingi. Kama ningekuwa namsalimia, ningemjibu. Kama ningemjibu, masikio yangu yangesikia maneno yanayotoka kinywani mwangu, na labda panga lingeshuka chini.

Mpera ni mti mgumu. Ulinichosha. Ulipoanguka, ulianguka upande wa Shituru.

Ulirudi na mfuko wa masomo kichwani, ukapita moja kwa moja chumbani. Nikasikia sauti yako.

"Mama, juu ya nini chumba iko na mwanga?"

Ukaenda dirishani. Ukachungulia chini kwenye kisiki.

"Na kitovu yangu?"

"Iko bado chini. Haina shida."

"Itapumua na nini?"

Nikakwambia njoo ule, bukari inapoa.

Sitasema kwamba mpera ule ungekuponya. Sijui. Mti mmoja si ukuta. Ninachojua ni hiki: majani yaliyotazama Shituru yalikuwa na mabaka mwaka mzima, na yale yaliyotazama dirisha lako yalikuwa mabichi. Nilikuwa nayaona kila nilipomwaga maji, nikidhani ni ugonjwa wa mti. Ulipoondoka mti, upepo wa kiangazi ulikuja moja kwa moja mpaka kwenye shuka lako. Shuka likatoboka matundu madogo madogo. Filimbi yako ikawa ya mchana pia, na kamba ya kuruka ukampa mtoto wa Mama Kabange, ukisema umekua mkubwa. Ulikuwa hujakua mkubwa. Ulikuwa huna pumzi.

Halafu akazaliwa mdogo wako Ilunga, na nyumba ikajaa kilio na nepi, na mimi nikawa na mikono miwili tu.

Siku ile ya mawese, sijui kama wewe bado unaifikiria. Mimi naifikiria. Nilitoka nyuma na Ilunga mgongoni, nikakukuta umechuchumaa kwenye mihogo, unachovya kidole katika chupa ya mawese na kupaka majani. Mwezi ule mafuta yalikuwa hayaonekani hata sokoni. Nilikupiga. Na wewe, badala ya kujikinga, ulinyanyua chupa juu kwa mikono miwili ili isimwagike.

"Ni ya masomo, Mama!"

"Masomo inakula mawese?"

Nikakunyang'anya chupa. Hukueleza tena. Lakini siku zilipopita ulikuja kunishika mkono jikoni, ukanipeleka kwenye mihogo. Umefunga uzi mwekundu kwenye majani mengine na mweupe kwenye mengine.

"Ona, Mama. Hii napakaka juu. Iko muzima. Hii napakaka chini. Angalia."

Yale ya chini yalikuwa yamegeuka manjano, mengine yameanguka.

"Juu ya nini? Si mafuta ni ile ile?"

"Jani iko na vinywa chini. Vidogo sana, macho haiwezi kuona. Mafuta imevifunga."

"Vinywa vya kula nini?"

"Vya kupumua." Ukasema kama unavyomfundisha mtoto mdogo, na mimi ndiye mtoto. "Muchana, kama jua iko, jani linakamata ile pumzi tunatupa, linatengeneza chakula yake, na linatuachia ile muzuri. Usiku jua haiko. Linapumua sawa sisi."

Nikaruka. "Unaona! Usiku inakula pumzi ya bantu! Minye nilisema!"

Ulinitazama. Kisha ukamtazama Ilunga, aliyelala mgongoni kwangu kinywa wazi.

"Kidogo, Mama. Kidogo sana. Ilunga anakula mingi kupita muti."

Hukutaja mpera. Hukugeuza hata kichwa upande wa dirisha. Ulifuta vidole vyako kwenye majani. Ilikuwa nafasi ya kukuomba msamaha, Mwadi, ulinipa mlango wazi kabisa. Mimi nikauliza swali lingine.

"Na vile vinywa, vinafungaka?"

"Jani likiwa na kiu linavifunga, juu ya kulinda maji. Likinywa muzuri, jua ikipanda, linavifungua vyote."

Nilikaa chini kwenye kigoda. Nilikuwa nimenywesha lengalenga yangu kila alfajiri ili jua likichomoza ifungue vinywa vyake vyote na kuipokea gazi. Ya Mama Kabange ilikuwa na kiu, imefunga midomo. Hakukuwa na dawa. Kulikuwa na uvivu tu, na jani linalojua kufunga mlango wake.

Jioni ile nilikwenda kwake na bakuli la sombe, majani ya mihogo niliyotwanga.

"Mama Kabange, nimekuja kukusalimia."

"Salamu ya leo, ao ile ya mwaka uliopita?"

"Zote."

Nikamweleza habari ya vinywa vya majani, kama ulivyonieleza, na nilichomfikiria. Alicheka mpaka akakaa chini, akaita nyumba nzima. "Mukuje! Uvivu yangu iko na masomo! Bwana yangu akirudi mumwambie, minye ni mwalimu!" Kisha akanigusa goti. "Na muti je?" akauliza. Nikamwambia hilo la mti ni kosa la pili, nitalifikia. Akasema, "Anza na mutoto, usianze na minye." Sikumsikiliza.

Kosa la mboga lilitengenezeka. Siku hizi nanywesha gazi ya asubuhi ikishapita, na mboga zinaponea mara moja moja, si kila mara. Kosa la mti nililiacha likae, nikasema litakauka lenyewe.

Nimejiuliza kwa nini niliukata. Si ule mwalimu, si fwaye, hata si ujinga wa mambo ya masomo, maana mjinga anaweza kuuliza. Niliukata kwa sababu ulifikika. Lile bomba la moshi ni refu, liko mbali, na linatulisha. Mpera ulikuwa dirishani, na panga langu lilikuwa na urefu wa kuutosha. Nilikuwa na hofu, na nilitaka kufanya kitu kabla jua halijazama. Mwenye hofu hamtafuti mwenye kosa, anamtafuta aliye karibu. Mama Kabange alikuwa karibu. Mpera ulikuwa karibu. Wewe na chupa yako ya mawese mlikuwa karibu. Sikwambii hivi ili uwe mtakatifu. Nakwambia kwa sababu una mkono kama wangu, mwepesi, nimeuona unavyomnyang'anya Ilunga vitu. Siku utakayojisikia umekasirika sana na kitu kilicho mbele yako, subiri kidogo. Geuza kichwa, uangalie upepo unatoka wapi.

Sasa habari ya safari.

Muuguzi alipokuwekea kile chuma chake cha baridi kifuani akasikiliza, akasema, "Mutoto huyu abadilishe hewa. Asikae hapa kiangazi kingine." Bibi yako alipopata habari alituma neno: "Munipe ndoyi yangu." Baba yako alikaa siku nzima akitazama viatu vyake vya kazi vilivyoliwa na asidi, halafu akasema sawa. Hatuwezi kuhama sote. Hilo unalijua. Nyumba hii inakwenda na kazi.

Lakini namna nilivyokuambia! Nilikuwa namuogesha Ilunga. Mgongo wangu uko kwako, mikono yangu imejaa sabuni na mtoto, nikasema juu ya bega, "Utaenda kukaa kwa bibi, utasomea kule." Kama vile nakutuma chumvi. Nilikupa mgongo kwa sababu nilikuwa nalia, na sikutaka uone. Wewe uliona mgongo tu. Uliona mtoto mmoja ameshikwa mkononi na mwingine anatolewa nje. Nami nikamaliza, nikachukua beseni, nikatoka kumwaga maji. Niliporudi nilikukuta mlangoni, ndipo ukalisema lile neno.

Mwadi, yale maji nilikwenda kuyamwaga wapi?

Pale pale. Chini ya dirisha. Tangu Ilunga azaliwe, kila siku, nikimaliza kumuogesha, miguu yangu inakwenda yenyewe chini ya dirisha lako na mikono inamimina. Hapakuwa na mti, ni kisiki tu, lakini bibi aliniambia nisimwage pengine, na mwili wangu haukuwahi kuambiwa kwamba mti haupo. Mvua za kwanza zilipokuja, nikaona kitu chekundu kwenye kisiki, kidogo kama ulimi wa paka. Halafu kingine, pembeni, kutoka kwenye mzizi. Nikavifunika kwa kikapu cha zamani kwa ajili ya mbuzi. Nasema ni mbuzi. Ukweli niliona haya. Niliogopa ukiviona utaniuliza. Wewe upande ule hukuwa unapita tena.

Leo ulipokuwa unawaaga wenzako, nilimwambia baba yako anisaidie kuchimba. Akachukua jembe bila kuuliza.

"Ulijua?" nikamwuliza.

"Ile kikapo iko pale tangu mvua. Muke wangu anaifunikia nini, mayai?"

Tukakitoa kile cha pembeni, chenye mizizi yake, pamoja na udongo ule ule. Unajua udongo upi. Tumeuweka katika kopo la maziwa na gunia lililolowa juu.

Kwa hiyo ukiisoma hii utakuwa ndani ya gari, na kopo lile kati ya miguu yako, na najua utakavyokuwa umelitazama pale stesheni, maana majani ya mche yote nimeyakata nusu. Nimetumia mkasi wangu wa fwaye. Utaona mama yako amekata tena. Soma vizuri hapa: sikuukata kama siku ile. Una vinywa vingi mno kwa mizizi midogo vile. Kwa jua la njiani ungetoa maji yote kwa kila jani, na mizizi isingeweza kurudisha. Nimeupunguza ili ufike. Lile la kwanza nililifanya kwa panga na sikumuuliza mtu. Hili nimelifanya kwa mkasi, kama bibi yako alivyofanya na mama wa mche huu, jani moja moja.

Kile cha pili nimekiacha kwenye kisiki. Kikapu nimekitoa. Maji ya Ilunga yataendelea kukinywesha, na yule hajui kwamba anafanya kazi yako. Mama Kabange ameahidi kuniamsha kama mbuzi akisogea, ingawa sisi sote tunajua nani atamwamsha nani.

Nisamehe mpera, Mwadi. Nisamehe na mawese. Ningekuambia usoni, na kesho kabla ya gari nitajaribu; kama nimeshindwa tena nikaanza kuzungumza habari za sabuni, basi ujue nilikuwa najaribu.

Mpe bibi kopo, atajua. Usiliweke juani siku za kwanza. Mche utapoteza majani, utaonekana umekufa, nawe utataka kuung'oa uangalie mizizi. Usiung'oe. Labda na wewe siku za kwanza kule hutataka kula wala kucheza, na filimbi haitaondoka kesho yake. Usiniandikie habari njema za uongo. Ngoja. Jani moja jipya likifunguka pale juu, dogo, la rangi ya shaba, ujue mpera umeanza kupumua hewa ya kule. Siku hiyo mpe mtu wa gari la moshi neno moja aniletee. Aseme tu, "Limefunguka." Nitaelewa anasema la nani.

Huku wataendelea kuniita kwa jina lako. Ilunga amezaliwa, ana meno sasa, na hakuna mtu avenyu nzima aliyewahi kuniita kwa jina lake. Kila siku pale kwenye bomba la maji watakutaja, na mimi nitaitika.

Ni mimi,
Mama Mwadi